Wa Kwanza Kushusha Jembe

Wivu wangu ulianza siku niliyosikia watoto wa Kawajense wakicheka mazoezini. Nilikuwa nimekwenda upande ule kununua asali, au ndivyo nilivyomwambia mume wangu, ingawa njia ya kwa muuza asali haipiti kabisa kwenye ile shule. Nikasimama nje ya uzio na ndoo yangu ndogo, nikatazama. Watoto kama ishirini walikuwa na majembe mikononi, wanacheza bugobogobo, ile ngoma yetu Wasukuma ya kurusha jembe juu na kulidaka. Hatua ya kwanza ilikuwa yangu. Kule kuzungusha jembe nyuma ya shingo kulikuwa kwangu. Na binti aliyesimama mbele yao akiwafundisha naye alikuwa wangu, maana nilimtoa mimi pale shuleni kwangu Nsemulwa, akiwa darasa la tano, hajui mguu wa kulia wala wa kushoto. Kitu kimoja tu hakikuwa changu. Wanafunzi wangu hawacheki mazoezini.

Alikuwa amerudi na cheti chake cha ualimu na mambo mapya. Akitaka kumrekebisha mtoto alimwuliza kwanza, nikamsikia kwa masikio yangu: "Nikushike bega?" Mtoto akikataa, anamwonyesha kwa mwili wake mwenyewe, na mambo yanaendelea. Nilicheka peke yangu pale uzioni. Tangu lini mwalimu akamwomba mtoto ruhusa? Mimi nilikuwa na kijiti changu, si cha kuchapa sana, ni cha kuelekezea, ila kiuno kilichokataa kuelekea nilikisaidia. Nilijiambia kwamba anawadekeza na kwamba uwanjani wataonekana. Nikarudi nyumbani bila asali.

Kumbe huo ulikuwa mwanzo tu. Kila nilipokwenda, sokoni, kanisani, saluni, watu walinisifia mwanafunzi wangu. Walidhani wananifurahisha. "Hongera mwalimu, umetuzalia mwalimu mwingine." Nilishukuru kwa mdomo, moyoni nikawaka. Basi siku ya kikao cha walimu wa michezo nikapata pa kumshikia. Nilisimama nikasema kwamba kuna wenzetu wanawarekodi watoto wa watu kwa simu, na picha hazijulikani zinaishia wapi, na je, haya ndiyo maadili ya kazi yetu? Nilisema vizuri, hata mimi nilijipenda. Yule binti akatoa daftari mkobani. Kila mzazi aliyekubali alikuwa ametia sahihi, asiyejua kuandika ameweka dole gumba, na wazazi watatu waliokataa wameandikwa mwishoni, watoto wao hawajapigwa picha hata moja. Daftari likazunguka meza nzima mpaka likanifikia na mimi. Baada ya kikao akaja kuniamkia, magoti yamekunjwa kidogo, vilevile nilivyomfundisha. Hilo liliniuma kuliko daftari.

Kisha shule moja ya jirani ikajenga madarasa mapya, na makundi yetu yote mawili yakaalikwa kutumbuiza siku ya kuyafungua. Mwalimu mkuu wa pale, Mfipa mpole asiyependa ugomvi, alipanga tucheze kwa zamu. Nikamwambia hapana. Nusu ya wazazi watakaokuja ni Wasukuma, na kwetu ngoma hazipangi foleni. Makundi mawili yanaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, moja huku, lingine kule, na watu wanakwenda wanakovutwa. Na kundi litakaloshusha majembe kwanza limeshindwa, hata kama kijiji kizima kiko upande wake. Alifurahi kupata kitu cha kiasili. Sikumwambia kwamba sikuwa nahangaikia asili. Nilijua watoto wanaoombwa ruhusa hawana pumzi, na wangu wanayo.

Wangu nilikuwa nimewalea kwa hadithi ya Inyonga. Miaka mingi nyuma tulikwenda kushindana huko, na binti huyuhuyu, akiwa mtoto, alicheza mstari wa mbele huku ukucha wa kidole gumba cha mguu umeng'oka. Hakushusha jembe. Wenzetu wakashusha kwanza, tukashinda. Nimeisimulia hadithi hiyo kwa kila kundi nililolifundisha, na kila mara nilisema, mnaona, huyo ndiye mchezaji.

Siku ilipofika jua lilikuwa lile la mwezi wa kumi, mvua haijaja, uwanja mweupe kwa vumbi. Mbele ya kundi langu nilimweka msichana wa darasa la tano, mwembamba, anayependa ngoma mpaka anachezesha ufagio wa zamu. Jembe lake lilivunjika mpini wiki ile, nikampa lenye mpini mpya, haujalainika. Niliuona ulivyo mkavu na wenye nyuzinyuzi, nikasema utalainikia mikononi.

Ngoma zikaanza. Kwa muda watu walijaa kwangu. Kisha nikawaona wanachuruzika, mmoja, wawili, akina mama na watoto wao mgongoni, wanakwenda upande wa pili. Watoto wa Kawajense walikuwa wanarusha majembe huku wanatabasamu, na tabasamu linavuta watu, nani asiyejua. Nikakiinua kijiti changu, nikawaongezea wangu kasi. Msichana wangu wa mbele akanitazama. "Mwalimu, mikono," alisema. Nikamwambia avumilie.

Hapo ndipo yule binti, watu wote wakiwa upande wake, alipoinua mkono. Watoto wake wakashusha majembe na kwenda kivulini kunywa maji. Alishindwa akiwa anashinda. Wasukuma wakapiga kelele za mshangao, umati wote ukarudi kwangu, vigelegele vikapanda. Ningeweza kusimamisha ngoma dakika ileile. Tulikuwa tumeshashinda, hakuna aliyekuwa anatudai chochote. Niliamuru mizunguko miwili zaidi. Nilitaka aone.

Ngoma iliponyamaza, msichana wangu hakuliachia jembe. Nilidhani ni furaha. Kumbe malengelenge yalikuwa yamepasuka na viganja vimeganda kwenye mpini. Watu walikuwa wananipa mikono na mimi nawapa wangu, nikamwona yule binti anavuka uwanja na birika la maji. Akapiga magoti vumbini mbele ya mwanafunzi wangu. Akamwuliza: "Nikushike?" Mtoto akampa mikono yote miwili.

Nakiri kilichonipata wakati ule. Haikuwa huruma kwanza. Ilikuwa wivu, mkali kuliko wa daftari, kwamba mikono ile amepewa yeye.

Nikasogea. Nikasema nililolizoea. Nikamwambia mtoto ajikaze, kwamba mwalimu huyu anayemwosha alicheza Inyonga bila ukucha, na hakushusha jembe. Yule binti hakuinua kichwa. Aliendelea kumwaga maji kidogo kidogo, akasema kwa heshima zake zote:

"Mwalimu, Inyonga mimi sikuvumilia. Nilikuwa nakuogopa wewe."

Mtoto alisikia, na wenzake waliotuzunguka walisikia. Tuliporudi Nsemulwa hakuna aliyeimba njiani, na mimi nilikaa nimekipakata kijiti changu, sijui nikiweke wapi.

Wiki moja ilipita, msichana wangu wa mbele akaja mazoezini. Viganja vilikuwa vinapona, ngozi mpya ya waridi. Kijiti nilikuwa nimekiacha nyumbani. Nilikuwa nimeupaka mafuta mpini wake mimi mwenyewe, nikaukwangua kwa kipande cha chupa mpaka ukateleza, kazi ya jioni tatu. Nikampa jembe, akaanza, na kiwiko chake kilikuwa chini mno. Nikakohoa. Maneno yalinitoka vibaya, kama ya kuazima, hata wenzake walikonyezana.

"Nikushike mkono?"

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko mtoto anavyomtazama mwalimu. Kisha akaiweka mikono nyuma ya mgongo. "Hapana, mwalimu," alisema.

Nilikuwa nimeuliza mwenyewe, ikabidi nikubali. Nikainua mkono wangu mwenyewe hewani, bila jembe, nikamwonyesha kiwiko kinapaswa kukaa wapi.