Neno Ambalo Misi Alilipeleka Ndau

Shangazi yangu, Bi Hadia binti Madi, hakuwa na cheti cha ualimu. Alikuwa mshona kofia wa Amu, kisiwani Lamu, na mwaka wa hamsini na nne akamfundisha Kiswahili Misi, yule bibi wa Kizungu aliyeletwa na serikali kushughulikia mambo ya wanawake. Misi alitaka kufaulu mtihani wa serikali. Maneno ya kitabuni alikuwa nayo tele. Ya kusemezana na watu hakuwa nayo hata moja.

Bi Hadia akampa. Kwa mfiwa unasema hili, kwa mzazi unasema lile. Moja alilichelewesha kusudi: "Nakuangukia miguuni." Kwetu mtu mzima akikwambia hivyo humkatalii, utamtazamaje kesho?

"Hili lihifadhi," alimwambia. "Hulisemi ila ukiwa huna tena pa kushika."

Misi akalihifadhi, akalipeleka kisiwa cha Ndau.

Serikali ilikitaka kisima cha maji matamu kwa nyumba ya wageni wake, na wanawake wa Ndau walikuwa wamekataa katakata. Misi akavua viatu, akaketi mkekani. "Mama zangu, nawaangukia miguuni." Wakatazamana, wakaona haya, wakakubali. Wiki haijaisha, kisima kina mfuniko na kufuli, na wenyewe wanachota maji ya chumvi.

Mwanamkisi, binamu yake Bi Hadia, akavuka kutoka Ndau kuja kumsuta.

"Hongera, Bi Mwalimu. Mwanafunzi wako fasaha. Katunyang'anya kisima na sauti hakupandisha."

 Bi Hadia alidunga sindano kwenye kofia kama anayemdunga mtu.

Misi akaja na madaftari yake, mtihani u karibu, anatabasamu kama hakuna lililotokea. Hakupewa kiti.

"Ndiyo ndia niliyokufundisha kuipita hiyo? Kwetu mwanafunzi haendi popote bila radhi ya mwalimu wake. Yangu huna."

Misi akaiva uso. Akasema ni amri ya wakubwa. Kisha, bila haya wala soni, "Bi Hadia, nakuangukia miguuni."

"Hilo ulishalitumia Ndau. Kalirejeshe kwanza, pamoja na ufunguo."

Hakurudi. Mtihani nasikia alifaulu, tena kwa sifa. Tulivuka Ndau, kufuli tukalivunja wenyewe kwa mchi, Bi Hadia ndiye aliyepiga wa kwanza, na hatukumwangukia mtu.