Unyasi Katika Ufa

Krismasi ilikuwa imekaribia, na mama alitaka udongo mweupe wa kusiriba nyumba yake kijijini, upande wa Madaba. Nilitoka mjini, Bombambili ninakoishi, kwenda kumsaidia kuubeba. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

Udongo huo unachimbwa chini ya ukingo wa kilima, na kwa kuwa ulio mzuri uko ndani, watu wamechimba hadi ukuta umewainamia. Tulimkuta jirani yetu akitoka na ndoo imejaa. Mimi nilishainama niingie. Mama akanizuia, akapanda juu ya ukingo, akatembea taratibu akitazama chini mpaka akaona ufa mwembamba kwenye majani. Aling'oa unyasi mrefu kama mkono wangu, akausukuma ndani ya ufa. Ukazama wote.

"Turudi," alisema.

Nilikasirika. Nikamwonyesha mama yule jirani, anateremka mzima na ndoo yake kichwani. Mama alijitwika ndoo tupu, akatangulia.

Tulisiriba kwa udongo mwekundu wa uani. Krismasi ile nyumba ya jirani ilikuwa nyeupe pee, na yetu imekaa kama tanuri la matofali.

Ukuta ule haujaanguka mpaka leo. Kila nikienda nyumbani napita kuutazama, halafu namwambia mama, bila kuficha kinyongo changu, kwamba bado umesimama.

"Na wewe si umesimama?" hunijibu, akiendelea kupeta maharage yake.