Kumbukumbu Zilizoandikwa Kabla ya Kikao

Nakumbuka siku moja ambayo masikio yangu yaliiona kabla ya macho. Pa, pa, pa: viganja vya mikono vikipigwa nje ya mlango, polepole, kama mtu anayebisha kwenye nyumba yenye mgonjwa. Nilikuwa nimeinamia mashine ya kuandika, mwanangu, wala sikuinua kichwa. Nilidhani atachoka aende zake.

Hakuchoka.

Wewe leo unakwenda kuanza kazi ya ukatibu pale mjini Baraka. Umenyoosha shati, umekuja kuniaga, na pikipiki inakungoja nje. Iache ingoje kidogo. Nami nilikuwa katibu, katika biro, ofisi ndogo ya utawala kando ya ziwa, upande wa Swima. Leo haipo tena. Matofali yake watu wamejengea mazizi ya mbuzi. Nilikuwa binti aliyetoka shuleni Nundu na cheti chake, na viatu vya visigino ambavyo vilizama mchangani kila nilipotaka kuringa.

Asubuhi hiyo kikao kilikuwa kimeamua juu ya mchanga wa ufuoni, pale ambapo akina mama walianika ndakala. Unawajua samaki hao, wadogo kama kidole. Lakini nyumba zote za pale zilisimama juu ya migongo yao. Mfanyabiashara mmoja aliutaka mchanga huo ajenge ghala. Sisi wa biro tulikuwa na desturi yetu: kumbukumbu za kikao niliziandika kabla ya kikao. Usicheke. Pikipiki ya kupeleka barua kwa wakubwa wa Fizi iliondoka saa sita na haikumngoja mtu, kwa hiyo niliandika mapema yale yatakayosemwa. Chefu, mkuu wetu, alizungumza na wageni wake wawili watatu, kisha akatia sahihi. Mlango niliufunga mimi. Nilisema ni kwa sababu ya kelele.

Basi nikaenda kuufungua. Alikuwa Mama Wilondja, mwanamke mzee wa ufuoni, kitenge chake kinametameta magamba ya samaki. Nyuma yake wanawake kama thelathini walikuwa wameketi chini uwanjani, kimya. Wanawake wa ufuoni, mwanangu, ambao hata msibani husikika kutoka ng'ambo ya mto! Kimya chao kilinitisha.

“Tunakuja kusikia yenye mumeandika juu ya muchanga yetu,” akasema.

“Mama, ile iko makaratasi ya biro. Haiko ya raia.”

“Inasema juu ya nani?”

“Juu yenu.”

“Sasa iko ya nani, mutoto wangu?”

Nikaona aibu, na aibu ya kijana huvaa nguo za kiburi. “Hata nikikupa, mama, we unajua kusoma?”

Sauti ikatoka nyuma: “Mumuone! Alisoma mupaka ku visigino, lakini heshima alisahau ku Nundu!” Wakacheka wote, isipokuwa Mama Wilondja.

“Kusoma sijue,” akasema. “Lakini masikio Mungu alinipa mbili. Soma.”

Nikamgeukia chefu aniokoe. Alikuwa amesimama nyuma yangu, macho yamemganda kwa mwanamke mmoja pale chini: shangazi yake, aliyemlea. Akasema kwa sauti ndogo, “Soma, basi.”

Nikasoma. Nilisoma kwamba kikao kilikuwa cha wazi. Nilisoma kwamba akina mama wa ufuoni walihudhuria, wakauliza maswali, wakaridhika, wakakubali kuhama. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika mara nyingi juu ya watu wengi, na hayakuwahi kuniuma. Kumbe karatasi ikifungiwa kabatini huwa nyepesi. Ukiisoma mbele ya wale inaowataja, inakuwa nzito kama mtumbwi ulioingia maji.

Mama Wilondja aligeuka, akaanza kuwauliza.

“Mama Riziki, ulikubali?”

“Hapana.”

“Mama Ebinda, ulikubali?”

“Hapana.”

Alimwita kila mmoja kwa jina lake, hadi wa mwisho. Katikati ya jina na jina nililisikia ziwa likipumua. Nimeingia makanisa makubwa tangu siku hiyo, lakini sijapata kuogopa kitu kitakatifu kama nilivyoogopa zile hapana thelathini.

Kisha akanigeukia, bila hasira.

“Mutumbwi ikifika, samaki tunamwaga wapi?”

“Kwenye mchanga, mama.”

“Mbele ya nani?”

“Ya wote.”

“Hata mwenye hatanunua, anaona. Njo maana hatupigane. Sasa nyiye maneno yetu munamwaga ndani ya nyumba, mulango munafunga. Iko samaki gani hiyo?”

Chefu aliingia ndani, akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka uwanjani juani. Kikao kikaanza upya. Pikipiki ya Fizi ikaondoka bila barua yetu. Niliandika huku nikisikiliza, kwa mara ya kwanza, na mkono ulishindwa kuwafuata watu. Jioni ilipokaribia niliwasomea yote kabla ya sahihi. Mama Wilondja akanisahihisha mara mbili. Mfanyabiashara alionyeshwa mahali pengine, nyuma ya barabara. Mchanga ukabaki wa ndakala.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hawakusema penye wengi walioandikwa tu kwamba walikuwepo. Basi shika haya: usiandike kabla hujasikia. Anayekuja kuuliza kilichoandikwa juu yake, msomee, hata akiwa peku, hata kama hana barua ya mtu mkubwa. Na wale wa milimani, wa Bibokoboko, wakiteremka siku mbili kwa miguu, usiwaambie warudi kesho. Daftari la kumbukumbu utalishika tu, mwanangu. Si lako.

Mungu akupe masikio mapana kuliko kalamu yako. Akupe uso ambao watu hawauogopi. Siku utakayosoma mbele yao, sauti yako isitetemeke kama ilivyotetemeka yangu.

Haya, inuka, yule wa pikipiki ameanza kupiga honi. Mlango wa biro uuache wazi. Huu wangu uvute vizuri nyuma yako. Mbuzi wa jirani wana njaa na mihogo yangu iko hapa chini.

Vizuri. Nimesikia kitasa.