Kuku Aliyetunyima Bomba

Hivi wewe umewahi kuona mradi wa serikali ukiangushwa na kuku? Usicheke kwanza. Mimi nimeona, tena kuku mwenyewe hakuwa tena wa kwetu.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Nakalonji, na mpaka leo tuko hapo hapo, mbele kidogo ya Mtawanya, pale mto unapojikunja kabla ya kupotelea kwenye mikoko. Ukiuliza historia ya Nakalonji utatajiwa watu waliotuahidi maji. Mzungu wa mkonge aliweka pampu, alipoondoka akaondoka nayo. Ikaja enzi ya vijiji, likachimbwa shimo la tangi, bata wakaoga humo hadi likafukiwa na mchanga. Kisha mji ukatumeza. Tukaitwa mtaa, tukaletewa kibao cha bluu chenye jina letu. Kibao kile ndiyo huduma ya umma pekee iliyotufikia na haijaharibika hadi leo. Gesi ya Msimbati nayo imekwenda zake mbali kupika pilau za watu, sisi tunapulizia kuni mbichi. Welcome to the city.

Maji tulichota mtoni, yale yale yaliyokuwa yamefua nguo na kunyweshea mbuzi huko juu. Mdogo wake mama, mama mdogo Somoe, ndiye aliyenilea, na mto ule ulikuwa umeshamzikia mtoto mmoja wa kiume kwa kuhara. Alipopata mimba ya pili alianza kuongea na tumbo lake kama mtu anayejadiliana na mgeni: vumilia humo ndani, bomba linakuja. Maana kweli, mwaka ule tuliambiwa bomba linakuja.

Alikuja afisa na gari lililopakia mabomba ya plastiki. Sijui kwa nini waliyabeba siku ya kwanza, labda ili tuyaone. Wazee wakamweleza kwamba kwetu ardhi haichimbwi bila kuulizwa. Jioni unamwaga unga wa mtama chini ya msolo, ule mti wa pale ukingoni. Unaumwaga polepole kutoka kiganjani mpaka usimame na ncha, kama kichuguu kidogo. Unauacha ulale. Asubuhi ukiukuta umesimama, mahoka wameridhia, yaani wale wazee wetu walio chini. Ukiukuta umebomoka, wamekataa. Na hapa sikiliza vizuri, maana ndiyo sehemu waliyoiruka wenye elimu yao: mahoka wakikataa, unawauliza tena. Unasaga unga mwingine, unawasemesha kwa upole zaidi, unawauliza wamenuna nini. Sijawahi kusikia Nakalonji mtu akichukua jibu la kwanza la mahoka akaenda nalo nyumbani. Mahoka ni ndugu, na ndugu hubembelezwa.

Afisa alicheka mpaka miwani ikamshuka. Alituita watu wa gizani, akamwambia dereva wake kwa Kiingereza kwamba hawa bado wako stone age. Mimi Kiingereza cha darasa la nne kilinitosha kujua kwamba jiwe ni sisi. Lakini akakubali, mwageni huo unga wenu, kesho asubuhi tunaanza.

Unga alisaga Somoe mwenyewe, na tumbo lake, akakataa kusaidiwa. Bibi, aliyemzaa mama yangu na Somoe, ndiye aliyeumwaga. Akawasemesha mahoka kwa Kimakonde, akamalizia kwa Fatiha, ili pasiwe na mkubwa yeyote wa kulalamika kwamba alirukwa. Na kwa kuwa sisi ni watu wenye adabu hata kwa wanaotutukana, afisa akapewa kuku kama mgeni. Jogoo mwekundu, mzuri kweli. Afisa akasema afungwe tu hapo, watamchukua kesho. Dereva akamfunga kwa kamba ya katani kwenye mzizi, hatua chache kutoka msolo.

Tukirudi nyumbani bibi alinishika bega. Alizoea kuniita mke mwenzake, utani wa bibi na mjukuu.

"Mke mwenzangu," akasema, "yule mtu hakuja kujenga. Anatafuta wa kumsukumia."

Sikumwelewa. Nilidhani anazungumzia gari.

Asubuhi tulikuta unga hakuna. Si kubomoka, hakuna kabisa, pamebaki weupe kidogo kwenye majani. Na jogoo mwekundu anatembea taratibu kama mwenyekiti wa kikao, kamba imekatika inamfuata nyuma, mdomo mweupe kama kapakwa poda.

Sasa hapo ndipo nilipomwona mtu akisilimu papo kwa papo. Yule yule wa stone age alivua kofia. Alisimama mbele ya msolo, sura imeshuka kama yuko matangani, akasema serikali inaheshimu mila na desturi, serikali haiwezi kushindana na wazee waliolala. Mwenyekiti wetu akaitikia kwa kichwa. Sikumshangaa, hata angeambiwa mto umehamishiwa Masasi angeitikia.

Nikasema mimi, kwa sauti ya kutosha, "Hawajakataa. Ni kuku wako kala. Mtazame mdomo."

Dereva aligeukia gari, mabega yanamtikisika. Afisa hakunitazama. "Binti, wakubwa wakiongea watoto wananyamaza."

Ndipo Somoe akapita mbele ya wanaume, mkono mmoja kiunoni.

"Baba, nitasaga mwingine. Leo leo. Tunawauliza tena jioni, na kuku tunamfungia ndani. Nakuomba mpaka kesho tu."

"Mama, ratiba yetu hairuhusu."

Bibi akasema ndivyo inavyofanywa, mwanangu, huulizwa tena. Akajibiwa kwamba jibu limeshatoka. Yeye, mwenyeji wa kesi na mahoka tangu usichana wake, anaelezwa taratibu na mtu aliyesikia habari za mahoka jana saa kumi. Wakageuza gari. Jogoo walimchukua, wakamrusha juu ya mabomba. Walimchukua shahidi wakaenda kumla.

Mabomba yale yalikwenda kufukiwa mtaa mwingine wa mjini, penye mageti na maua. Huko, kwa bahati ya ajabu, hakuna mzee aliyelala chini mwenye neno.

Somoe alijifungua msichana, akamwita Zuhura. Mtoto aliishi mpaka masika, mto ulipogeuka rangi ya chai, naye akashikwa na kuhara. Tulimbeba kwenda mjini kwa baiskeli, Somoe amepakiwa nyuma amemkumbatia, na mimi nakimbia pembeni na kanga za akiba. Kanga hazikutosha. Kabla hatujaifikia lami Somoe alimwambia mwendesha baiskeli asimame. Inna lillahi. Na kwenye msiba wake, watu wetu wenyewe, wajinga wenzangu, wakanong'ona kwamba mahoka wamekasirika kwa sababu Somoe alitaka kuuliza mara ya pili. Uongo wa afisa ulikuwa umeshageuka mila.

Chuoni nilisoma Community Development. Mhadhiri alituonyesha slaidi kuhusu cultural barriers, mfano wake watu wa kusini waliokataa maji kwa ushirikina. Darasa likacheka. Nikamuuliza kama slaidi yake ina kuku. Mpaka leo sina kazi. Kwenye usaili wananiuliza nina uzoefu gani, nami nawajibu nina wa ndoo, hamtaki?

Juzi juzi nilikwenda kwenye ofisi inayohusika kuulizia bomba la Nakalonji. Nilimkuta kijana wa rika langu, shati limenyooka, yule afisa simwoni, nadhani amestaafu na heshima zake. Kijana akanijibu kwa upole: "Dada, eneo lile lina historia ya kukataa miradi."

Historia. Jogoo mmoja ameshakuwa historia.

Watu huniuliza, na digrii yako hiyo unaamini mahoka? Sijui. Ninachojua ni kwamba walio chini wakikunyima kitu unaruhusiwa kurudi jioni na unga mpya. Ofisini hakuna jioni. Bibi amekwishalala karibu na msolo, naye sasa ni mmoja wa hao wanaosingiziwa, na namfahamu, hakuwahi kumnyima mtu maji. Somoe bado anashuka mtoni kila asubuhi na ndoo yake. Hajapata mtoto mwingine, na haulizi tena.

Basi nauliza mimi. Nyie wa ofisi ile, mliokuwepo na mliorithi viti, njooni Nakalonji mchana kweupe, na mabomba yenu. Kuku hamtapewa. Simameni mbele ya Somoe mumtajie kwa jina aliyelikataa bomba la Zuhura. Na safari hii jina hilo liwe la mtu aliye hai.