Homa ya Chumba cha Nyuma

Majirani walimwita Uzi kwa wembamba wake, na mimba ilipoanza kuonekana wakamtania kwamba uzi umepiga fundo. Alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni kwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, na humo ndani kila kitu kilikuwa cha wifi: nyumba, cherehani, hata funguo. Mume alikuwa dereva wa lori. Akija alilala, akiamka aliondoka.

Msimu wa homa ya mafua ulipokaribia, muuguzi wa kliniki ya wajawazito alimshauri achanjwe. "Virusi hivi hubadilika, ndiyo maana chanjo hutengenezwa upya kila mwaka. Itakukinga wewe na mtoto pia."

"Ngoja niulize nyumbani," Uzi akasema.

Wifi hakutaka hata kusikia. "Sindano na mimba? Hiyo mimba si yako peke yako." Mume naye akasema kwenye simu, "Msikilize dada, ameona mengi." Kweli alikuwa ameona: alizika watoto wake wawili wachanga, na tangu hapo hofu ilimkaa kama nguo ya mwilini. Uzi alijua hayo, akarudi kwenye cherehani.

Homa ilimkuta akitia zipu kwenye gauni la mteja. Ilianza na baridi ya mgongoni, kisha kikohozi, kisha viungo vikamuuma kama aliyetwangwa kinuni. Wifi akamlaza chumba cha nyuma, akabana dirisha, akamletea vidonge vilivyombakia yeye mwenyewe alipong'olewa jino.

"Kunywa, ni antibayotiki. Dawa kali hiyo."

"Hazitibu mafua, wifi. Nipeleke kliniki."

"Utoke na jasho hilo? Lala."

Mlango ukafungwa kwa nje. Uzi alilala akitazama dari, hewa nzito, kifua kikikwaruza. Aligonga, akaita, akajibiwa kwamba uji unaiva. Mtoto alimpiga teke tumboni, naye akashindwa kujua kama anacheza au anahangaika. Hapo ndipo hofu yake mwenyewe iliposhinda adabu.

Wifi alipofungua na bakuli mkononi, alimkuta amesimama, kanga begani, ameshika ukuta.

"Nisindikize au nipishe, wifi."

"Ukianguka njiani nitamwambia nini ndugu yangu?"

"Mwambie nilikuomba unifungulie."

Wifi alitua bakuli chini polepole. Kisha akamshika mkono, wakaenda kliniki.

Muuguzi alimpitishia kijiti puani, akapima, akasema ni homa ya mafua yenyewe. Akampa dawa ya kupambana na virusi. "Hii hufaa zaidi ikianza mapema, siku mbili za mwanzo. Mmewahi. Mjamzito mwenye ugonjwa huu hapaswi kusubirishwa."

Homa ilishuka. Alipopona alichanjwa, kwa kuwa aina nyingine za virusi zilikuwa bado zinazunguka. Wifi alimpeleka mwenyewe, akawasimulia majirani kwamba wazo la chanjo lilikuwa lake yeye. Uzi akamwachia sifa hiyo.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wiki haikuisha, wifi akahamishia kitanda cha mtoto chumbani kwake, eti mama apumzike. Uzi alikuwa akikunja pindo la sketi aliposikia kilio upande wa pili wa ukuta. Akasubiri kuitwa. Hakuitwa. Akaondoa mguu kwenye cherehani, akaenda kumchukua mwanawe.