Kungoja Enhe

Kabati la makoti liko chini ya ngazi. Nilikaa humo kwenye kiti cha plastiki, blanketi mabegani, nikasimulia habari za joka la kitabuni. Binti yangu alisema nguo humeza mwangwi. Yeye alikaa mlangoni akinirekodi, hedifoni masikioni, karatasi mapajani.

Kitabu chenyewe ni cha zamani cha Waingereza, cha nchi ambayo haiko popote, yenye wafalme, wachawi na joka zee. Mwalimu mmoja mstaafu wa kanisani kwetu, Mkongomani anayekaa mtaa wa Aston hapa Uingereza, alikitafsiri ili watoto wetu wapate Kiswahili cha kusikiliza. Kamati ya kanisa ikatafuta mtu wa kukisoma. Binti yangu, ambaye ni nesi, akanitaja mimi. Hakuwaambia kwamba niliacha shule darasa la tatu, na mimi sikuwaambia.

Kusoma ninasoma, ila kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwa hiyo siku zake za kupumzika binti yangu alinisomea sura mara mbili tukinywa chai, kisha nikaingia kabatini nikaisema. Majina hayanipotei. Hadi leo naweza kuwataja watoto wote wa darasa letu, dawati kwa dawati. Wa kitabuni nao niliwabeba wote, pamoja na farasi wao. Majina ya watu wa hapa pia ninayo, ila hayo si ya kuandikwa.

Sura mbili za kwanza zikatumwa kwenye grupu la kanisa. Watu wasikilize wiki moja, watoe maoni, halafu mama mwenyekiti wa kamati aamue kama nitaendelea au atatafutwa mwingine. Niliitaka ile kazi. Tangu nije kwa binti yangu hapa Winson Green nimepika, nimekunja nguo, nimengoja basi. Hakuna aliyekuwa amenihitaji kwa jambo ambalo asingeweza kulifanya mwenyewe.

Maoni yalikuja kwa sauti. Binti yangu aliyafungulia jikoni, simu ikiwa imeegemea chupa ya chai.

"Nyanya ana sauti tamu," alisema Mkenya mwenzetu anayehudumia wazee. "Lakini joka lake linakohoa kama baba mkwe wangu. Nimelionea huruma, na lilikuwa limeshakula watu watatu."

Akaja mama wa Kikongo. "Mama, sauti iko muzuri, lakini inakatika-katika. Ni rezo ya mutandao ao ni telefone yangu? Nimeizima na kuiwasha mara mbili."

Mwanafunzi mmoja alisema anasikiliza kwa spidi ya mbili na bado nyanya anamchelewesha.

Kisha ikaja sauti ya mzee mmoja, ya upole. "Pale anaponyamaza, nafikiri mama anatafuta neno kwenye ukurasa. Si vibaya. Lakini waliosoma wapo kati yetu, tusimchoshe."

Hapo nikainuka kwenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

"Usijali, Mama," binti yangu akasema. "Hizo nafasi za kimya nitazikata. Kompyuta inakata hata pumzi."

"Ukizikata, watu wataitikia wapi?"

"Kuitikia nini?"

Nikajua kwamba huyu nilimlea na redio, si na hadithi. Kwetu msimulizi husema kipande, akangoja. Msikilizaji akisema "enhe," hadithi inasonga. Asiposema, amelala au amechoka, na hadithi hufungwa papo hapo. Mimi sijawahi kusimulia bila kungoja. Mle kabatini, kila mwisho wa kipande niliisikia enhe ya bibi yangu kichwani, ndipo nikaendelea.

"Siku zote hizi nimekaa pale mlangoni nikidhani umeishiwa pumzi," akasema. "Nilikuwa nataka kukupeleka kwa daktari."

"Na mimi nilidhani huitikii kwa adabu tu, hutaki kuharibu rekodi."

Nilimwomba asikate chochote hadi Jumapili, siku ya uamuzi. Mwenyewe nilikuwa nimeshapanga la kusema nikikataliwa: kwamba magoti yananiuma na kabati ni dogo.

Jumapili baada ya ibada, mwenyekiti aliniita kando ya meza ya chai. Anakaa Northfield, ana wasichana wawili waliozaliwa hapa.

"Nyanya, kabla sijasema neno, sikiliza."

Akanisogezea simu sikioni. Nikasikia kisu kikigonga ubao, na sauti yangu kwa mbali ikisema joka limefungua jicho moja. Kimya. Kisha sauti ya msichana: "Enhe." Na mdogo wake, mbiombio asije akapitwa: "Enhe, enhe."

"Uliwafunza?"

"Hata. Mimi ndiye nilianza, nikikata vitunguu, bila kujijua. Mdomo uliitikia tu, kama niko kwa shosho wangu nikisimuliwa hadithi. Siku ya kwanza walinicheka. Ya pili wakawa wananiwahi. Nyanya, hawa nikiwaambia waoge wananijibu kwa Kiingereza."

Sikuweza kungoja zaidi. "Na sura zilizobaki?"

"Zilizobaki ni zako. Zile nafasi ziachwe zilivyo, nitawaeleza kwenye grupu." Akafikiri kidogo. "Lakini hilo joka, nyanya, litafutie dawa ya kikohozi."

Nilivuta kiti cha karibu nikakaa. Ya magoti na kabati dogo sikuyasema tena. Binti yangu akaniletea chai yenye sukari nyingi kuliko anavyoniruhusu nyumbani, nami nikainywa yote polepole.

Jumanne alikuwa hana zamu, tukarudi kabatini. Nikasema kipande cha kwanza cha sura ya tatu, nikanyamaza.

"Enhe," ikatoka mlangoni.

Akajiziba mdomo kwa karatasi. "Imeingia kwenye rekodi," akanong'ona. "Turudie?"

Nikamwambia nikishaitikiwa sirudi nyuma, nikaendelea.