Maji, Mwisho Magotini

Sisi wa Karatu tunakwenda likizo mvua ikinyesha. Si kwa kupenda. Wageni wakiwa wengi hakuna dereva wa utalii anayelala kwake. Masika yakianza, barabara za kreta ya wanyama zikawa utelezi mtupu, ndipo mume anarudi nyumbani. Wiki ya kwanza anakaa kimya akitazama kuku. Wiki ya pili anaanza kurekebisha vitu ambavyo havijaharibika. Kwa hiyo aliposema, mwezi wa pili, kwamba mwaka huu mwezi wa tano tunakwenda baharini, yeye, mimi na binti yetu, mwezi haukunishangaza. Bahari ndiyo iliyonishangaza.

"Kwa nani?" nikauliza.

"Kwa mpishi."

Mpishi ni mzee aliyefanya naye kazi miaka mingi, akipikia wageni kwenye kambi za Engaresero na huku juu. Mtu wa pwani aliyevumilia baridi yetu mpaka akastaafu. Sasa amerudi kwao, kijiji cha wavuvi kaskazini ya Tanga, karibu na mpaka. Yeye na mkewe wana vyumba viwili vya kupangisha. Wana pia boti.

"Atampeleka mtoto kisiwani," mume wangu akasema. "Kipo kisiwa cha mchanga mtupu. Maji yakitoka kinaonekana, yakijaa kinapotea."

Alilisema kama sifa. Mimi nilisikia neno moja tu: kinapotea.

Nimezaliwa Oldeani, kwenye nyumba za vibarua wa shamba la kahawa. Shamba lilikuwa na bwawa la kumwagilia. Tulikatazwa kulisogelea, kwa hiyo tulilisogelea kila siku. Siku moja kaka yangu aliingia kufuata mpira wetu wa mifuko ya plastiki, akazama. Hakupiga kelele. Maji yalijifunga juu yake yakawa laini, kama chai iliyopoa kwenye sufuria, na sisi wengine tukabaki ukingoni tukisubiri acheke. Vibarua walimtoa jioni. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akatuhesabu tukiingia. Kisha akatuhesabu tena. Hesabu ya kwanza ilikuwa sahihi, ila hakuitaka.

Tangu hapo nahesabu kila kitu mara mbili. Nauza makoti ya mitumba sokoni. Nahesabu makoti, nahesabu hanga, nahesabu vichwa vya watoto wanaocheza uani, hata wasio wangu. Watu wanadhani ni ubahili. Nawaacha wadhani hivyo, inasaidia biashara.

Mume wangu akaandaa programu, maana hawezi kwenda hata kanisani bila programu. Asubuhi chai, saa tatu boti, mchana samaki, alasiri kuogelea. Alinisomea kama anavyowasomea wageni, kwa sauti ile ile ya kikazi. Nikamwambia boti itoke.

"Sasa nikitoa boti imebaki nini?"

"Chai na samaki. Watu wazima wengi wanaridhika."

Tukaanza kupatana. Yeye alianzia kisiwani. Mimi nilianzia chumbani, dirisha likiwa limefungwa. Akashuka: boti, lakini karibu na ufuo. Nikapanda: ufuoni, lakini na viatu. Akasema basi mtoto aogelee maji yamfike kifuani. Nikasema nyayo. Kiuno, akasema. Kifundo, nikasema. Binti yetu wa miaka minane alikuwa pale pale akimenya viazi, kisu kimesimama, macho yanatoka kwa baba yanakuja kwangu. Nilipofika magotini nikasimama.

"Magotini ndiyo mwisho. Hapo tayari nina hasara."

"Haya, magotini," mume wangu akasema, lakini akamkonyeza mtoto. Niliona.

Hofu haikuondoka, ilihamia sokoni pamoja nami. Siku ya mnada alikuja mteja wangu wa siku zote, mfugaji kutoka Nainokanoka, ananunua koti zito kila mwaka na kila mwaka analalamika kwamba la mwaka jana lilikuwa bora.

"Yeyo, leo umenipunguzia bei haraka," akasema. Huniita hivyo, mama, ingawa tumelingana. "Unaumwa?"

"Naenda baharini."

Akafikiri. "Kuna ng'ombe?"

"Hakuna."

"Maji yake yananyweka?"

"Hapana, yana chumvi."

Akalivaa koti, akalifunga vifungo vyote bila haraka. "Hayanyweki na hakuna ng'ombe. Sasa nani amekukosea huko mpaka umfuate?"

Nilicheka, kisha alipoondoka nikahesabu makoti mara ya tatu, jambo ambalo si la kawaida hata kwangu.

Mwezi wa tatu ulipokuwa unaisha nikampigia simu mke wa mpishi kuulizia vyandarua na mashuka. Hatujawahi kuonana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ndefu ya pwani, akaniuliza hali ya kila mtu nyumbani hadi kuku. Nilipotaja mwezi wa tano akanikatiza.

"Ala! Nani kawapa mwezi huo, mwanangu?"

"Ndiyo likizo yetu, mama. Wageni wanakuwa hawapo."

"Na hawapo kwa sababu! Mwezi wa tano upepo wa kusi umeshaingia, na masika juu yake. Bahari inafura, inavimba hasa. Wavuvi wenyewe wamekaa wanashona nyavu. Mnakuja kutazama mvua? Kwani huko kwenu hamna mvua?"

"Na boti?"

"Zimevutwa juu zote. Atakayetoka ni kichaa, na kichaa wetu mwenyewe mwezi huo hatoki. Njooni mwezi wa kumi na moja. Bahari imelala, maji kama ya mtungini."

Nikashukuru, nikaketi juu ya furushi la makoti. Boti zimevutwa juu. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili pumzi yangu ilifika chini kabisa. Mvua tunaijua. Tungekaa chumbani tukila samaki, mtoto akiwa mkavu, na mume wangu asingekuwa na wa kumlaumu isipokuwa mbingu. Mwezi wa tano ukawa mwezi mzuri kuliko yote. Nikaamua kwamba simu ile ilihusu mashuka tu.

Siku chache baadaye upepo uliniharibia biashara, makoti yanaruka kama yana watu ndani, nikafunga mapema. Nilifika nyumbani mchana. Uani kulikuwa kimya, na mimi ukimya wa mtoto siupendi.

Binti yangu alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni kubwa la kufulia. Mikono ameifunga mgongoni. Kichwa chote kilikuwa ndani ya maji, misuko inaelea, na maji yametulia juu ya masikio yake. Laini. Kama chai iliyopoa.

Sijui furushi nililitupa wapi. Nilimshika ukosi wa nyuma nikamng'oa, tukaanguka wote wawili kwenye tope. Akakohoa, akapangusa macho, akanikasirikia.

"Mama! Umeniharibia! Nilikuwa nimefika arobaini!"

"Arobaini ya nini?" Sauti yangu sikuitambua.

"Nahesabu. Baba alisema ukijua kubana pumzi bahari haikutishi. Ya kwanza nilifika thelathini, nikarudia."

Nikamkumbatia, maji yake yananiingia shingoni, naye ananisukuma kwa aibu kwa sababu jirani alikuwa anachungulia juu ya ua. Nikaligeuza beseni kifudifudi. Nilimwaga chai mara mbili.

Na nikiipangusa nikaiona hesabu yangu ilivyokaa vibaya. Nilikuwa nimeridhika kwamba boti zitakuwa juu. Boti ikivutwa juu haimshiki mtoto. Huyu ataingia majini, yawe yamelala au yamefura, nikiwa nimegeuka kutafuta kitambaa. Na mimi nilikuwa natafuta kumpeleka yakiwa yamefura.

Mume wangu aliporudi kutoka gereji nilimwambia yote, beseni na simu. Alinawa mikono kwanza, polepole, hadi kwenye viwiko.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimesema sasa."

"Ulisikia boti hazitoki ukafurahi."

"Nikafurahi."

Akatingisha kichwa. Nilisubiri anigombeze, lakini akaketi kwenye kigoda kama mtu aliyeshushwa njiani. "Kila mwaka nawaambia wageni, masika msije, gari linazama hadi mlangoni. Halafu watu wangu mwenyewe nimewapangia masika." Alijua kila kona ya barabara ya kreta na mwezi wake. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba bahari nayo ina miezi.

Tukahamisha safari hadi mwezi wa kumi na moja. Wageni hupungua kidogo kabla ya Krismasi, akaomba wiki moja. Nikatoa sharti: kabla ya hapo mtoto afundishwe kuogelea. Mume wangu anafahamiana na msimamizi wa loji moja yenye bwawa, ikiwa tupu wanaturuhusu. Nimekwenda kila mara. Nakaa ukingoni na viatu miguuni, nahesabu kichwa kimoja, kisha nakihesabu tena. Maji ya Karatu ni ya barafu, anatoka na midomo ya bluu anaomba kurudi.

Jumapili iliyopita mezani nilikumbusha mkataba. Kujua kuogelea hakubadilishi kitu. Baharini ni magotini, mwisho.

Binti yangu akaweka kijiko chini.

"Magoti ya nani?"

Mume wangu akainamia sahani.

"Yako, ya nani tena," nikasema.

"Hukusema yangu. Mimi nilikuwepo, nilikuwa namenya viazi. Magoti ya baba yananifika kiunoni."

"Ya baba hayauzwi."

"Haya, basi yako." Akanitazama jinsi ninavyowatazama wateja wanaojifanya wanaondoka. "Lakini lazima usimame ndani, mama. Usiposimama tutapimaje?"

Nilitafuta pa kupunguza, sikupata. Mume wangu hakunisaidia. Nikasema haya, na mara nikahisi baridi kwenye vifundo vya miguu, pale pale chini ya meza, kwenye sakafu kavu.

"Na viatu uvue," binti yangu akasema.